Zile X Kwenye Cheti Changu cha Kuzaliwa

Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, pale panapofaa kuwa na jina la baba, kuna X nne. Zimepangwa vizuri kabisa, utadhani aliyezipiga alikuwa na muda wake. Nikiwa darasa la tano huko Makongeni, Thika, mwenzangu mmoja alikiona hicho cheti, akaniuliza mbele ya watu kama babangu anaitwa Ekisi. Nilicheka pamoja nao, nifanye nini. Jioni nikamuuliza mama. Akanijibu akiendelea kukata sukuma wiki: "Serikali ndiyo imeandika hivyo, si mimi." Nilidhani ananikwepa. Miaka mingi baadaye nikasoma sheria yenyewe, nikakuta mama alisema ukweli mtupu.

Ninalitoa hili leo kwa sababu ya dada yangu. Anaishi Ruiru, ni muuguzi, na amepata kazi Uingereza. Ana kijana wa miaka saba na hataki kumwacha. Mtoto ana cheti safi, jina la baba liko. Huyo baba aliondoka 2020 na hajatuma hata shilingi ya daftari tangu hapo. Dada alipokwenda kushughulikia pasipoti ya mtoto akaambiwa alete idhini ya baba. Akamtafuta jamaa kwa simu. Jibu lilikuja fupi: nitatia sahihi ukiondoa ile kesi ya matunzo uliyonipeleka kortini.

Usiku huo tulikaa kwake Kimbo, chai ikapoa, akaniuliza swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Mama alitulea na zile X na hakuna mtu aliyewahi kumwambia akaombe ruhusa kwa mwanamume. Mimi nina jina la baba kwenye cheti na nimefungwa mikono. Kwani hii sheria ilitungwa kumsaidia nani?

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta, na ilibidi nirudi nyuma kuliko nilivyodhani.

Tuanze na guka, kwa sababu hapa kwetu mambo yalianzia kwake. Kwa Wagikuyu wa zamani, swali la mtoto ni wa nani lilijibiwa na mbuzi. Ruracio ikitolewa, watoto ni wa mbari ya mume. Isipotolewa, mtoto wa msichana anabaki katika boma la baba yake msichana. Hata majina yanasema. Ndoa ikiwepo, kijana wa kwanza anachukua jina la baba ya mume na wa pili jina la baba ya mke. Msichana akizaa nyumbani, majina yote yanatoka upande wake. Mimi nina jina la baba ya mama. Mzee yeyote wa hapa akijua mimi ni kifungua mimba, akasikia jina langu na la mamangu, ameshaelewa historia yote bila kuniuliza, na wengine hawana hata adabu ya kuficha kwamba wameelewa.

Sasa angalia nani hayumo kwenye hesabu hiyo. Mimba ikiingia bila ndoa, fidia ililipwa, ndiyo, lakini ililipwa kwa baba ya msichana. Yeye ndiye aliyedai na ndiye aliyepokea. Maamuzi makubwa ya mtoto yalikuwa ya boma. Mama alibeba mimba, akanyonyesha, akalima, lakini neno la mwisho halikuwa lake. Baba aliyezaa pia hakuwa na neno, kama hakuleta mbuzi. Wanaosema siku hizi turudi kwa mila ili akina baba wapate haki zao, sijui wanarudi mila gani. Mila niliyoikuta mimi inamwambia mwanamume ambaye hajalipa aende zake.

Mzungu alikuja na hesabu tofauti. Huko Uingereza, kwa karne nyingi, mtoto wa ndoa alikuwa wa baba kisheria, kabisa kabisa. Mama hakuwa na lake. Katika miaka ya 1830 mwandishi mmoja, Caroline Norton, alitengana na mumewe, na mume akawachukua watoto watatu wa kiume akamnyima kuwaona. Sheria ilikuwa upande wa mume. Mama huyo akaandika, akapiga kelele, akasumbua wabunge, hadi ikapitishwa sheria ya 1839 iliyomruhusu mama kuomba mahakamani kukaa na mtoto wa chini ya miaka saba. Kuomba tu. Ikachukua hadi 1925 kwa sheria yao kusema kwamba hakimu aangalie kwanza maslahi ya mtoto, na asianze kwa kudhani baba anamzidi mama wala mama anamzidi baba. Na ikachukua hadi 1973 kwa mama wa Kiingereza aliye kwenye ndoa kupata mamlaka sawa na ya mumewe juu ya watoto bila kwenda kortini kwanza. 1973! Kwa hiyo mtu akikuambia usawa wa wazazi ni kitu wazungu walizaliwa nacho, mwambie akasome tena.

Hiyo ya 1925 ndiyo iliyoletwa Kenya mwaka 1959, ikawa sheria ya ulezi wa watoto, Sura ya 144. (Mwaka huo huo Elspeth Huxley alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu utoto wake Thika, utoto wa mtoto wa kizungu kwenye shamba la kahawa. Thika ya vitabu na Thika ya korti, mwaka mmoja.) Lakini kwa mama kama wangu, sheria iliyokuwa na uzito mwaka huo ni nyingine, ile ya kumtambua baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, iliyojulikana kwa jina la Affiliation. Iliruhusu mwanamke asiye na mume, wa rangi yoyote, aende mwenyewe kwa hakimu, athibitishe nani ni baba, na huyo baba aamriwe kulipa matunzo.

Tulia hapo kidogo, kwa sababu ni jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza mwanamke Mwafrika hakuhitaji baba yake amdaie. Hapakuwa na mbuzi wala kikao cha wazee. Alidai yeye, na pesa zikaja mkononi mwake.

Fikiria hiyo katika mji kama Thika, mji wa kiwanda cha mananasi, viwanda vya nguo na vya ngozi, na mashamba ya kahawa yanayoshuka hadi Ruiru. Mji ambao msichana anaweza kuja kutafuta kazi, akakaa chumba cha kupanga, akapata mtoto na mtu ambaye kijiji chake haukijui na guka hana pa kupeleka madai.

Sheria hiyo iliishi miaka kumi. Kenya ikapata uhuru, na wabunge wakaanza kuilalamikia: ati wasichana wanaifanya biashara, ati inakwenda kinyume na mila, ati mwanamume analipa halafu mtoto anabaki kwa mama. Maendeleo ya Wanawake walipinga kufutwa kwake. Haikusaidia. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Bunge lenyewe lilikuwa la wanaume watupu. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, Grace Onyango wa Kisumu, aliingia katika uchaguzi wa Disemba mwaka huo huo, maneno yakiwa yameshakwisha.

Hili ndilo nimelifikiria sana. Kilio kimoja cha wabunge wale, cha kulipa bila kuwa na mtoto, si kilio cha kipumbavu. Ni kilio kile kile ninachokisikia leo kwa vijana wenzangu. Wangeweza kurekebisha sheria wakasema: lipa, na uwe na neno katika maisha ya mtoto. Hawakufanya hivyo. Waliondoa malipo, na suala la neno wakaliacha lilale. Wakati huo hawakutaka sauti juu ya mtoto kiasi cha kuilipia.

Kuanzia 1969 hadi mwanzo wa 2002, zaidi ya miaka thelathini, mwanamke aliyezaa bila ndoa hakuwa na sheria ya aina ile ya kumfuata baba mtoto. Mimi nilizaliwa ndani ya kipindi hicho, 1998. Na zile X? Sheria ya kusajili vizazi na vifo, kifungu cha 12, ilisema jina la baba lisiandikwe ila kama wazazi wote wawili wameomba pamoja, au kuna ushahidi wa ndoa. Mama angetaja jina la babangu mara mia, karani hangeliandika. Serikali ndiyo iliyoandika, si yeye. Pole, mama.

Halafu ikaja Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kazi Machi 2002. Hapa ndipo sheria yetu ilipoanza kutaja kwa mapana kitu inachokiita jukumu la mzazi, na ukisoma orodha yake unaelewa kwamba hatuzungumzii chakula peke yake. Kuna kulisha, kuvisha, matibabu na shule, sawa. Lakini kuna pia kumchagulia mtoto jina, kumwongoza katika dini na maadili, kumteulia mlezi ukifa, kusimamia mali yake, kupanga au kuzuia asihamishwe nje ya Kenya, na, Mungu apishe mbali, kupanga mazishi yake. Hayo ndiyo mamlaka. Ni mwili wa mtoto, jina lake, njia yake, hata kaburi lake.

Na sheria ya 2001 ilimpa nani? Wazazi wakiwa na ndoa, wote wawili. Wasipokuwa na ndoa, kifungu cha 24 kilisema ni la mama kwanza. Baba angelipata baadaye kwa kuomba mahakamani, kwa kuandikiana makubaliano na mama, kwa kuishi pamoja naye angalau miezi kumi na miwili, au kwa kumkubali mtoto au kumtunza. Yaani baba aliyekimbia, asiyekubali na asiyetunza, sheria ilimwambia hana mamlaka, na papo hapo ikamwachia mama bili yote. Kwa mwanamume mwerevu hiyo ilikuwa njia ya kutorokea: nyamaza tu, usikubali kitu. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu kusema huo ni ubaguzi, na mwaka 2006 mahakama ikakataa, ikasema tofauti hiyo inakubalika.

Sasa unaelewa mama alivyotulea. Mwaka 2007 nilianguka kutoka mpera nikavunjika mkono. Hospitali ikamletea fomu ya idhini, akatia sahihi moja, nikapelekwa. Nilipohamishwa shule, sahihi moja. Dada aliposema anataka kusomea uuguzi, na mjomba akasema mwalimu ni kazi bora, mama alisikiliza, akashukuru, akafanya alivyotaka. Alikuwa na mamlaka yote. Aliyapata kwa sababu alikuwa na mzigo wote, na sidhani kuna mtu aliyemuuliza kama angependa kubadilishana nusu kwa nusu.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza meza. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na kinasema mama na baba wana jukumu sawa la kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Maneno machache hayo yalifanya kazi kubwa. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vile vifungu vya 2001 visomwe kama vinavyoweka jukumu juu ya wazazi wote wawili bila kujali ndoa. Mei 2016, jaji huyo huyo akasema kile kifungu cha 12, mzazi wa zile X zangu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kijana wa dada yangu alizaliwa baada ya hapo, ndiyo maana cheti chake kina jina. Tulisherehekea, nakumbuka. Mama alikishika kile cheti akakisoma kama barua.

Halafu Julai 2022 ikaja Sheria ya Watoto mpya, na hii haizunguki: wazazi wana jukumu hilo kwa usawa, na hakuna kati ya baba na mama mwenye haki inayomzidi mwenzake, mtoto awe wa ndoa au wa nje.

Wengi waliona hapo neno moja, kulipa. Wanawake walisema hatimaye watalipa. Lakini rudi kwenye ile orodha. Jukumu hilo hilo ndilo lenye jina, dini, shule na safari ya nje. Sheria ilipomrudishia baba bili, ilimrudishia pia kalamu. Na mwanamume anayeikwepa bili miaka mitano bado ana kalamu mfukoni. Hilo ndilo jibu la swali la dada yangu, na si jibu tamu.

Nisieleweke vibaya, sisemi turudi 2001. Nina rafiki Ngoingwa, anatuma pesa kila tarehe 3 bila kukumbushwa, na alijua binti yake amehamishiwa shule ya Eldoret kwa kuona picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Alilia, mtu mzima. Huyo anastahili kuulizwa, na sheria ya sasa iko upande wake. Mtoto wake anafika gredi ya 9 miaka michache ijayo, atachagua njia ya kusoma, na baba yake ana haki ya kuwa mezani siku hiyo.

Kinachoniudhi ni vile tunavyobishana huku mtandaoni kana kwamba haya mambo yalianza jana. Kijana anaandika "haki za baba" hajui kwamba wazee wake waliokuwa Bungeni 1969 walipewa nafasi ya kuunganisha matunzo na sauti wakachagua kutolipa. Na mwanamke anayesema mtoto ni wangu peke yangu anatetea, bila kujua, kifungu kilichotungwa kwa namna iliyomwachia mwanamume mlango wazi wa kutoroka. Mama wa umri wa mamangu akisikia "usawa" anakaa kimya kwanza. Ameona kila mara usawa ukija, anayepungukiwa ni nani.

Basi dada afanye nini? Wakili aliyetushauri alitueleza jambo ambalo watu wengi Thika na Ruiru hawalijui, kwa hiyo nalirudia hapa. Kortini kuna ulezi wa kila siku, yaani mtoto analala wapi na nani anamwandalia chai ya asubuhi, na kuna ulezi wa kisheria, yaani nani anaamua yale makubwa. Mahakimu wetu mara nyingi huwapa wazazi wote wawili ule wa kisheria, na ule wa kila siku humpa mmoja. Kwa hiyo kuishi na mtoto hakumaanishi unaamua peke yako. Lakini usawa si ukuta usio na mlango. Katiba yenyewe inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia, na mzazi mmoja akikatalia sahihi bila sababu inayomhusu mtoto, mahakama ya watoto inaweza kuombwa itoe amri kwamba sahihi ya mwingine inatosha. Baba ataitwa, atasikilizwa. Akiwa na sababu ya kweli, kwa mfano hatamwona tena mtoto wake, hakimu ataipima. Akiwa na sababu ya "ondoa kesi", nayo pia itapimwa.

Wakili alituambia pia tusifute zile jumbe za simu. Hatukuwa tumefuta.

Dada alikuwa karibu kuiondoa kesi ya matunzo, niseme ukweli. Kazi ya Uingereza haimsubiri mtu, na alishachoka. Mama ndiye aliyemzuia. Alitoka Makongeni na matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, akafika Kimbo na ule mkebe wa biskuti anaowekea stakabadhi zetu, akatoa cheti changu na cha mjukuu wake akaviweka mezani kimoja kando ya kingine. Akasema kile cha kwanza kilimnyima kudai na hicho cha pili kinamruhusu, kwa hivyo adai yote mawili, pesa na ruhusa. Halafu akauliza kama kuna chai.

Ombi liliwasilishwa mahakamani Ruiru wiki iliyopita, na ile kesi ya matunzo bado ipo. Yule jamaa alitumiwa hati kwa WhatsApp juzi jioni. Alama mbili za buluu zimeingia. Hajajibu.